UZI: Tiketi ya babu haikuwa na jina

Wadau, kila mjadala wa kamari ukipanda huku unagawanyika mara mbili kabla hata chai haijapoa. Upande mmoja: kamari imemaliza vijana, ifungwe yote. Upande wa pili: serikali inataka ushuru na kutupeleleza, tuhamieni kripto, huko hakuna anayetuona. Mimi nasoma sayansi ya siasa, nimezaliwa karibu na Keroka pale Kisii inapokutana na Nyamira, na naona pande zote mbili zimeruka historia. Nipeni dakika kumi. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msianze kuita watu wenu.

Tuanze na babu.

Babu alikuwa akiuza ndizi Daraja Mbili siku za soko. Akishamaliza, kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani, alikuwa ananunua tiketi moja ya Charity Sweepstake. Moja tu. Nyanya hakuwahi kujua mpaka alipozikuta kwenye koti la zamani, miaka mingi baadaye, zimeshikana kwa unyevu. Babu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Kwa watu wa Gusii sihitaji kueleza zaidi.

Kenya Charity Sweepstake ilianza 1966. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kamari na bahati nasibu, ile Sura ya 131, iliyounda bodi ya kutoa leseni, hii tunayoiita BCLB. Kumbukeni huo mwaka, kwa sababu sheria hiyo ilitutawala karibu miaka sitini. Ilitungwa wakati kamari ni karatasi, meza na farasi wa Ngong, ikaja kutumika kuhukumu simu.

Sasa angalieni ile tiketi. Ilikuwa na nambari, haikuwa na jina. Muuzaji hakukuuliza kitambulisho. Hakujua kama wewe ni mwalimu, mlevi au mzee wa kanisa, na wala hakutaka kujua. Lakini mwenye mchezo alijulikana vizuri sana: ana leseni, ana ofisi, na usipolipwa unajua mlango wa kugonga. Mchezaji alikaa gizani, mwenye mchezo akakaa kwenye mwanga.

Pembeni mwa soko hilohilo kulikuwa na pata potea, wale jamaa wa karata tatu na kimeza cha kukunja. Pale kila mtu alikuwa gizani, mchezaji na mwenye mchezo. Polisi wakitokea, kimeza kinakunjwa na pesa yako inaondoka nacho. Babu alikuwa anatuambia jina lenyewe limeshakuonya, ukipotea usilaumu mtu.

Simsifii babu. Zile shilingi zingenunua sukari, na kwa miaka yote hiyo sijasikia kwamba alishinda chochote cha maana. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mpangilio fulani wa nani anaonekana na nani haonekani. Mpangilio huo ulipinduka, na hakuna aliyetuuliza.

Ulipinduka vipi? M-Pesa ilianza Machi 2007. Miaka ya 2010 laini za simu zikawa lazima zisajiliwe kwa kitambulisho, na zile ambazo hazikusajiliwa zikazimwa. SportPesa ikaingia 2014. Unganisha hayo matatu. Ghafla kijana wa Nyansiongo hahitaji kushuka mjini kutafuta kibanda cha tiketi, anabeti akiwa kwenye foleni ya kituo cha majani chai, kikapu mgongoni. Na kila shilingi anayoweka imeandikwa: jina kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, saa na dakika.

Tusidanganyane, wengi wetu tulifurahia. Malipo yalikuwa ya haraka, na ukishinda mia tano inaingia papo hapo. Mei 2017 kijana mmoja alishinda jakpoti ya zaidi ya milioni 221, na picha yake ikazunguka nchi nzima. Watu waliona ndoto. Mimi nilikuwa shule wakati huo, na nakumbuka mwalimu mmoja akiuliza kwa sauti, huyu sasa atalala wapi usiku? Tulicheka. Leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mwaka huo.

Halafu ikaja 2019.

Mwaka ule watu wanaukumbuka kwa sababu ya leseni. Julai serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, mgogoro mkubwa ukiwa kodi ya asilimia 20 ya ushindi, na ikaitaka Safaricom ifunge nambari zao za malipo. Septemba SportPesa na Betin zikatangaza kusimamisha kazi. Vilabu vya mpira vikabaki bila wafadhili. Sisi mashabiki wa Shabana tulikuwa tayari tumezoea njaa, timu ilishuka daraja 2006 na ilikuwa bado haijarudi, lakini hata sisi tuliona wengine wanavyolia.

Ila mwaka huohuo kulikuwa na jambo lingine ambalo lilipita kama upepo. Mteja mmoja wa Safaricom alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba data za wateja karibu milioni 11.5 zilikuwa zimevuja. Na hazikuwa data za kawaida, bali kwa madai yake zilikuwa rekodi za kubeti: nani, umri gani, yuko wapi, ameweka kiasi gani. Hayo yalikuwa madai ya kesi, sitayageuza kuwa hukumu. Lakini hebu fikiria tu kwamba orodha kama hiyo inawezekana kuwepo. Tiketi za babu hata zingeibwa zote zisingemtaja mtu yeyote.

Novemba 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwaka uliofuata kamishna wa kwanza wa data akaapishwa. Kabla ya hapo tulikuwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinachosema una haki ya faragha, full stop, bila ofisi ya kukimbilia. Yaani miaka mitano nchi nzima ilibeti kwa simu kabla hakujawa na sheria ya kusema zile rekodi ni za nani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kwenye mijadala watu wakisema faragha wanamaanisha faragha dhidi ya serikali. Nimeuliza watu, steji ya boda Keroka, kinyozi, hostel. Hakuna hata mmoja aliyeanza na serikali. Wanamficha mke. Wanamficha mama. Wanaficha chama, kwa sababu mweka hazina akijua unabeti hupewi mkopo. Wanaficha kanisa. Na wanaogopa zile apu za mikopo, ambazo zilikuwa zinasoma meseji zako za M-Pesa na kujua ulituma pesa ngapi kwa kampuni ya kubeti kabla hujajua mwenyewe. Ukichelewa kulipa, wanapigia watu waliomo kwenye simu yako. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilikataza hiyo tabia, na 2023 kamishna wa data alitoza baadhi yao faini za mamilioni. Simu bado zinapigwa.

Mnaona shida? Serikali ni mmoja tu kati ya watu watano ambao mchezaji anajificha kutoka kwao, na mara nyingi ni wa tano. Lakini mwanasiasa akisimama jukwaani anazungumzia yeye mwenyewe, awe anatetea ushuru au anaupinga.

Ushuru wenyewe umekwenda kama mlevi. 2019 tuliwekewa ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. 2020 ukaondolewa. 2021 ukarudi kwa 7.5. 2023 ukawa 12.5. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuurudisha 20, muswada ukaanguka Juni kwa sababu mnazozijua wote, lakini Desemba ukapanda hata hivyo, hadi 15. Kisha Julai 2025 ukabadilishwa mtindo: asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye akaunti yako ya kubeti. Ukiweka mia, tano inaondoka kabla hujagusa chochote. Na ili kuukusanya, mamlaka ya kodi imeunganisha mitambo yake na ya kampuni. Sisemi ni kosa, kodi lazima ikusanywe. Nasema tu kila hatua ya kukusanya ilihitaji kumwona mchezaji vizuri zaidi.

Na baada ya Juni 2024 swali la nani anasoma data ya simu halikuwa tena la wataalamu. Hata babu wa steji aliliuliza. Ndipo kripto ikapata soko lake.

Kripto haikuanza hapo, jamani. Bitcoin ya kwanza ilitoka Januari 2009. Na watu walianza kuichezea kamari mapema sana: 2012 tayari kulikuwa na SatoshiDice, unatuma Bitcoin kwenye anwani fulani, bahati ikikupenda inarudi imeongezeka. Hakuna jina, hakuna akaunti. Miaka miwili baadaye kwenye dunia hiyohiyo ya Bitcoin ukazuka mchezo wa mstari unaopanda: namba inapanda, unatakiwa kutoa pesa kabla haijalipuka. Unausikia huo mchezo? Ndio mjukuu wake ni kile kindege ambacho kila mwenye boda Nyamira anakijua, Aviator, uliotoka 2019. Kwa hiyo hata yule anayebeti kwa M-Pesa na shilingi za Kenya anacheza mchezo uliozaliwa kwenye kripto. Huwa nawaambia hivyo wanaosema kripto ni mambo ya Nairobi.

Kwetu Kenya, BitPesa ilianza 2013 ikisaidia watu kutuma pesa kwa Bitcoin. Mwishoni mwa 2015 ilikatiwa njia ya M-Pesa, ikaenda Mahakama Kuu, mahakama ikakataa kuipa agizo la kurudishiwa. Desemba hiyohiyo Benki Kuu ikatangaza kwamba sarafu hizi si pesa halali nchini na ukipoteza hakuna wa kukulinda. Tangazo hilo, karibu miaka kumi, ndilo lilikuwa sera yetu yote. Halikukataza kabisa na halikusimamia chochote. Watu wakajifundisha wenyewe Telegram.

Sasa njooni nyumbani. Mtoto wa mama mdogo ana boda upande wa Kebirigo. Oktoba 2024 mama mdogo alipata bonasi yake ya chai (bonasi za huku magharibi huwa ndogo kuliko za mashariki ya Bonde la Ufa, huo ni uzi wa siku nyingine). Alimpa kijana elfu thelathini na nane akalipe karo ya dada yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo ya simu. Kijana alikuwa ameingizwa kwenye kundi la Telegram. Wakamwambia kule hakuna ushuru, hakuna anayejua, mama hataona meseji ya kampuni ya kubeti.

Hilo la mwisho ndilo lililomshawishi. Akanunua USDT kwa mtu, ile ya mkono kwa mkono, akalipa kwa M-Pesa. Simameni hapo. Amelipa kwa M-Pesa! Jina la muuzaji likaandikwa kwake, jina lake likaandikwa kwa muuzaji, na Safaricom ina rekodi ya wote wawili. Faragha yake ilikuwa kwamba meseji inaonyesha jina la mtu badala ya jina la kampuni. Hiyo tu.

Kutoka hapo sarafu zikaingia kwenye tovuti ya nje. Na hapa watu wengi hawajui: daftari la kripto, lile wanaloliita blokcheni, haliko sirini. Liko wazi. Kila muamala unabaki pale milele na mtu yeyote duniani anaweza kuusoma. Kinachofichwa ni jina tu, na siku jina likiunganishwa na ile anwani mara moja, historia yote ya nyuma inafunguka. Mtu wa Kisii atanielewa nikisema ni kama kuvaa barakoa kisha ukaendesha pikipiki ile ile yenye nambari ile ile, njia ile ile, kila siku.

Aliingia na elfu thelathini na nane. Siku ya tatu akaunti ilisoma karibu dola mia tisa. Akataka kutoa. Tovuti ikamwambia, asante, tutumie picha ya kitambulisho au pasipoti, picha yako umekishika, na bili ya umeme au maji yenye jina lako.

Bili ya umeme! Mita iko kwa jina la marehemu baba yake. Maji ni ya mto. Hii tovuti iliyomkaribisha bila kumuuliza jina, siku ya kulipa ilitaka kumjua kuliko benki. Akatuma kitambulisho, akatuma uso wake. Wiki moja baadaye wakamjibu kwamba Kenya haimo kwenye nchi wanazoruhusu, akaunti imefungwa kwa mujibu wa masharti. Alipotafuta anwani yao akapata sanduku la posta kwenye kisiwa ambacho ilibidi atafute kwenye ramani. Hakuna mlango wa kugonga. Ni pata potea, ila kimeza kiko ng'ambo ya bahari na wameondoka na kitambulisho pia.

Karo haikulipwa. Akakopa kwenye apu moja kujaribu kufunika, akachelewa, na apu ikampigia mama mdogo. Hivyo ndivyo alivyojua. Yaani yule mtu mmoja ambaye mambo haya yote yalifanywa ili asijue, ndiye wa kwanza kuambiwa, na aliambiwa na mgeni kwa simu akiwa shambani. Binti alirudi shule muhula uliofuata.

Najua mtu ataandika hapo chini kwamba ni ujinga wake, kwa nini alitoa kitambulisho. Nakumbusha 2023. Mwishoni mwa Julai Worldcoin walikuja, wakapiga picha mboni za macho ya watu, na malipo yalikuwa sarafu zao za thamani ya kama shilingi elfu saba. Foleni ya KICC ilizunguka jengo. Serikali ilisimamisha siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, na ilichukua hadi Mei 2025 kwa Mahakama Kuu kuagiza data zile zifutwe. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa na digrii wengine. Hawakuwa wajinga, walikuwa na bei. Ukiwa huna kitu, faragha yako inauzwa kwa bei utakayotajiwa na mnunuzi.

Sasa sheria mpya zimefika, nyingi kwa mpigo. Agosti 2025 sheria mpya ya kudhibiti kamari ilitiwa sahihi na ile ya 1966 ikapumzishwa, na bodi ya zamani inapisha mamlaka mpya. Oktoba 2025 ikafuata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, ambayo inawapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kusimamia. Kwa mara ya kwanza anayeuza kripto kama biashara atahitaji leseni. Hilo naliunga mkono waziwazi. Linamrudisha mwenye mchezo kwenye mwanga, angalau yule aliyeko ndani ya mipaka.

Lakini kuna kitu kilichopita kwa kelele ndogo. Muswada wa Fedha wa 2025 ulitaka kuondoa kifungu cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinachoizuia mamlaka ya kodi kudai data binafsi za wateja wakati inapounganisha mitambo yake na ya wafanyabiashara. Wabunge walikataa, Juni. Wakati ule watu wengi walikuwa wanabishana juu ya asilimia, mimi nikiwemo. Ikirudi, na mambo kama haya huwa yanarudi, naomba tuisome kabla ya kuhesabu asilimia.

Na ninyi mnaopenda ugatuzi, Jedwali la Nne la Katiba linasema kamari ni kazi ya kaunti pia. Someni, imeandikwa, pamoja na kasino. Sasa Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira wamegombania ushuru wa soko tangu kaunti zianze, kijana akibeti amesimama katikati ya barabara, pesa hiyo ni ya kaunti gani? Kaunti zinagombana juu ya mama wa nyanya za shilingi hamsini, wakati maelfu yanapita juu ya vichwa vyao hewani. Sijasikia mgombea yeyote wa huku akiulizwa hilo.

Kwa hivyo mkiwa kwenye mikutano, au mkiwa kwenye hizi redio za nyumbani ambazo kati ya habari na habari zinaendesha bahati nasibu zao wenyewe, msiulize kama mheshimiwa anapenda au hapendi kamari. Wote hawapendi wakiwa na maikrofoni. Ulizeni rekodi ya mchezaji inakaa miaka mingapi na inauzwa kwa nani. Ulizeni kwa nini kampuni inaweza kumjua mchezaji hadi saa anayopokea mshahara, na isimzuie mtu aliyeomba mwenyewe kuzuiwa. Ulizeni tovuti ya nje inapokula pesa ya bonasi, mwananchi wa Kebirigo anapeleka kesi ofisi gani.

Mimi nimeanza na dogo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Data kinakupa haki ya kuona data zako. Binamu yangu alikuwa pia na akaunti ya kubeti ya hapa nchini, ya kawaida, tangu akiwa na miaka kumi na nane. Tumeandika barua pepe pamoja, kwa adabu, tukiomba kampuni itutumie kila kitu ilicho nacho juu yake, kisha ikifute. Jibu lililokuja lilikuwa la mashine, likimpa dau la bure la shilingi hamsini. Tumeandika tena Jumatatu. Kama kuna mtu amewahi kufanya hivi akafanikiwa, aniandikie hapa chini alichukua muda gani na alituma nini.